Gari la kulala likisimama usiku, mkaa ubaki nje

Mwezi Juni tulikwenda Njombe kwa gari ambalo kaka yangu amelihangaikia karibu mwaka mzima. Ni Toyota Coaster kuukuu, ile ya abiria. Aliinunua ikiwa na viti vyake vyote, akaipeleka gereji, viti vikang'olewa vikabaki sita, kisha vikaingia vitanda, kabati, meza ya kukunja na sinki lenye tangi la maji chini yake. Watoto wake watatu wanaiita "nyumba yetu ndogo". Majirani nao wana lao: wanasema jamaa ameshindwa kujenga Kibaha, ameamua kujenga juu ya magurudumu.

Nilipoweka picha yake kwenye status, simu haikupumzika. Watu walitaka kujua bei, fundi, na kama kweli watoto wanalala humo. Bei niliwaelekeza wamuulize mwenyewe. Hilo la watoto kulala ndilo langu, maana safari ile nusura itugeuzie kipaimara kuwa msiba, na aliyetuokoa si mimi ninayeandika habari za afya kila wiki. Ni mama yangu, ambaye hata Coaster yenyewe hakuipenda.

Nitafika huko. Kwanza barabarani.

Gari la kulala lina tabia moja ya kutuchanganya. Likiwa linatembea ni gari, tena zito, lakini vitanda vinatufanya tulione nyumba. Likisimama usiku ni nyumba, tena ndogo na iliyozibwa kila upande, lakini magurudumu yanatufanya tulione gari. Makosa yetu karibu yote yalitoka hapo.

La kwanza lilitokea hata hatujafika Chalinze. Kitinda mimba, miaka minne, alisinzia. Kitanda kipo, shuka limetandikwa, wifi akamlaza. Nani angemnyima mtoto kitanda kilicho hatua mbili tu? Lakini gari likigonga au likifunga breki ghafla, linalosimama ni gari. Vilivyomo ndani vinaendelea na mwendo uleule mpaka vikutane na kitu kigumu. Mtoto aliyelala kitandani kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa anarushwa kwa 80 hiyohiyo, na sufuria, dumu la maji na mtungi wa gesi vinamfuata kwa nyuma. Tuliegesha, tukamrudisha kwenye kiti chake chenye mkanda. Alilia hadi Mikese, kisha akalala akiwa amekaa kama watoto wote wa kwenye basi.

Kwa hiyo ukimwambia fundi idadi ya watu, mhesabie kwa mikanda, si kwa vitanda. Viti vinavyotazama ubavuni usimpe mtoto, na kiti chochote kipya kifungwe kwenye chuma cha gari, si kwenye mbao ya sakafu ya fundi seremala. Mtoto mdogo awe na kiti chake maalumu, na mchanga atazame nyuma. Makabati nayo yawe na komeo. Yetu yalikuwa na sumaku tu, na kwenye tuta la kwanza la maana unga wa ugali ulimwagika mpaka kwenye viatu vya dereva.

Uzito ni jambo ambalo wengi hawalifikirii kwa sababu maji hayaonekani mazito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la kaka ni la lita 120, na likijaa ni sawa na watu wazima wawili wamesimama kona moja ya gari bila kuhama. Ndiyo maana betri ya pili na mtungi wa gesi vilihamishiwa upande wa pili. Vitu vizito vikae chini na karibu na katikati, juu paache vyepesi kama magodoro na nguo. Magari yanayofikia tani tatu na nusu hupita mizani barabara kuu, na Coaster iliyojazwa makabati inafika huko upesi. Usikasirike ukiambiwa uingie. Pale ndipo utakapojua kama umezidisha, kabla breki hazijakwambia.

Matairi nayo yatazame kwa jicho jingine. Gari la aina hii hukaa limeegeshwa wiki nyingi, kwa hiyo matairi huzeeka kabla hayajaisha. Vichongo vinaonekana vipya, ukitazama ubavuni unakuta nyufa ndogondogo. Ubavuni huko kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likipita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika kumi libadilishwe hata kama linang'aa. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na gari likiwa limeshapakiwa.

Kaka alikuta moja la nyuma lina umri mkubwa kuliko mtoto wake wa kati. Muuzaji alikuwa amelipaka dawa ya kung'arisha, likawa jeusi kama kiatu cha askari.

Mikumi tulipita mchana. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kama kilometa 50, na watoto wakiona tembo wote hukumbwa na haja ndogo kwa wakati mmoja. Waache wajisaidie kabla, kwa maana humo ndani hakuna kushuka.

Kitonga ndiyo mlima wa kuheshimu. Wakati wa kwenda tuliupanda taratibu nyuma ya malori, kaka akatazama mshale wa joto la injini kuliko alivyotazama barabara, kiyoyozi kimezimwa. Hatari kubwa ni ya kurudi, ukiushuka. Gari zito likishushwa kwa kukanyaga breki mfululizo, breki zinachemka, unasikia harufu kama ya mpira unaoungua, kisha pedali inalainika na kuzama. Shuka kwa gia ndogo tangu juu kabisa, namba mbili au tatu, injini ndiyo ilishike gari, na breki ukanyage kwa vipindi. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yakishanyonya huchemka mapema zaidi. Mwambie fundi ayabadilishe kila baada ya miaka miwili hivi. Ni kazi ya bei ndogo ambayo watu huiruka kwa sababu gari bado "linashika".

Neno moja la dereva, kwa kuwa niko kwenye eneo langu: dawa nyingi za mafua na za mzio zinaleta usingizi. Kaka alitoka Dar ana mafua. Tulimnyang'anya kile kidonge asubuhi, akakimeza usiku tulipolala Iringa. Na kila saa mbili tulisimama, apende asipende.

Tulifika Njombe jioni ya siku ya pili. Nyumba ya mama ilikuwa imejaa kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa mama mdogo; hata sebuleni palikuwa na magodoro. Watoto wakashangilia kwamba watalala kwenye gari na mama yao. Mnaoijua Njombe ya Juni mnajua ile baridi, kuna asubuhi majani yanaamka meupe. Wifi ni mtu wa Tanga. Alivaa sweta mbili na bado meno yaligongana.

Uani palikuwa na jiko la mkaa lililomaliza kuchoma mahindi. Mkaa ulikuwa mwekundu, bila moshi hata kidogo. Kaka alilinyanyua kwa kitambaa, akaliweka juu ya kipande cha bati kwenye sakafu ya Coaster, karibu na mlango.

"Wapate joto kidogo," alisema. "Wakishalala nitalitoa."

Vioo vikafungwa, mapazia yakashushwa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kikombe cha chai. Nimewahi kuandika kuhusu mkaa kwenye ukurasa huuhuu. Sikusema neno. Kichwani mwangu jiko la hatari lilikuwa lile linalotoa moshi, na mahali pa hatari palikuwa chumbani. Hili lilikuwa gari.

Kaka alinogewa na hadithi za wajomba, usingizi ukampitia kwenye kochi. Jiko halikutolewa.

Saa saba usiku mkubwa wao, miaka 11, aliamka kichwa kinamgonga na mkojo umembana. Alipofungua mlango na kushuka, miguu ilimwisha nguvu akakaa kwenye majani. Akajikokota hadi dirishani kwa bibi yake, akagonga. Mama alitoka na tochi, akamsikia kitinda mimba anatapika ndani ya gari, akamulika sakafuni akaliona jiko. Hakuuliza chochote.

"Watoeni nje! Mkaa huo!"

Tuliwatoa kwa kubeba. Wifi alikuwa na kichwa tangu saa tano, akadhani ni uchovu wa safari. Wa kati, miaka saba, alikuwa mzito kuamka, anaitika kisha anarudi usingizini. Tuliwaketisha kwenye baridi ileile tuliyokuwa tunaikimbia, wamefunikwa blanketi, wanavuta hewa, huku kaka anatafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi mwake.

Kinachotokea ni hiki. Mkaa unaowaka kwenye nafasi finyu hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa kwa wingi tu. Moshi ukiisha umeondoka ule ulioweza kukuonya. Ikiingia kwenye mapafu hung'ang'ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ubongo na moyo vinakosa hewa wakati kifua kinapanda na kushuka kama kawaida. Watoto hupumua haraka kuliko sisi, hivyo huathirika mapema. Mjamzito naye ni wa kuangaliwa sana, kwa sababu mtoto aliye tumboni anaweza kuumia hata mama akijiona nafuu.

Dalili zake zinafanana na za magonjwa tuliyoyazoea: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea. Wifi baadaye aliniambia alikuwa ameshaanza kuwaza malaria. Tofauti ziko mbili tatu. Homa hakuna. Wanaumwa wote waliomo humo kwa wakati mmoja. Na mtu akitoka nje akakaa kwenye hewa, anaanza kupata unafuu. Ukiona hivyo usitafute vidonge. Fungua milango yote, watoe watu wote, halafu waende hospitali, hata yule anayesema "mimi niko poa".

Hospitali tulifika kabla ya saa tisa. Muuguzi alimbana wa kati kile kifaa cha kidoleni, kikasoma 98.

"Oksijeni yake iko vizuri," akasema, nasi tukashusha pumzi.

Mama ndiye aliyerudia: "Binti yangu, hawa wamelala na mkaa."

Daktari wa zamu aligeuka aliposikia neno mkaa. Kile kifaa cha kidoleni hutazama rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi kwake inaonekana sawa na iliyobeba oksijeni. Kinaweza kusoma namba nzuri mtoto akiwa hatarini. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza pale mapokezi isiwe "anatapika". Iwe "wamelala na jiko la mkaa ndani". Hiyo ndiyo inayobadilisha matibabu.

Wote wanne waliwekewa barakoa za oksijeni. Mtu akivuta hewa ya kawaida, mwili huchukua kama saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu hiyo kwenye damu. Kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Asubuhi kitinda mimba aliomba andazi. Wa kati alikaa hadi jioni. Tuliambiwa tuwaangalie kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuna watu hupata shida baadaye wakiwa wameshapona: kusahau, kuyumba, kubadilika tabia. Namshukuru Mungu hatukuona kitu, isipokuwa huyo wa kati amesahau kazi za shule, na mama yake anasema hilo alikuwa nalo tangu zamani.

Kaka hakuzungumza na mtu mpaka Makambako, wakati wa kurudi. Sikumlaumu. Tulikuwa wawili pale mlangoni.

Basi haya ndiyo tuliyoyabadilisha kwenye Coaster. Jiko la mkaa haliingii tena, liwe limewashwa au limezimwa "nusu". Usijidanganye kwamba kioo ukikishusha vidole viwili kinatosha. Hakuna uwazi wa kukisia unaofanya mkaa uwe salama kwa anayelala. Joto tunalipata kwa mablanketi, soksi, kofia za sufu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Injini nayo haiwaki watu wakiwa wamelala. Fundi alipoweka bomba la kutolea maji ya sinki alitoboa sakafu, akaacha tundu pana kuliko bomba. Tundu kama hilo ni njia ya moshi wa ekzosi kuingia kitandani. Limezibwa sasa, na bomba la ekzosi lenyewe limekaguliwa viungo vyote. Mwenye jenereta ailaze mbali na gari, si chini yake wala dirishani.

Hewa ya kulalia tumeiachia matundu mawili, moja karibu na sakafu na jingine juu, yote yana wavu. Wavu una kazi mbili. Ukilala sehemu kama Morogoro kwenye joto na mbu, usipokuwa na wavu utafunga vioo, na ukifunga vioo umerudi kulekule.

Gesi ya mtungi ina kisa chake. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu bali inatambaa sakafuni na kujikusanya, ikingoja cheche. Mtungi wetu wa kilo 6 sasa una kabati lake lenye mlango wa nje, limezibwa upande wa ndani, na chini kabisa lina tundu la kutolea gesi. Unasimama wima, umefungwa mkanda, na valvu inafungwa kila gari linapoondoka. Viungo vya mpira vinapakwa povu la sabuni; likitoa mapovu, kuna kuvuja. Usijaribu kwa kiberiti hata kama babu alikuwa anafanya hivyo. Na jiko la gesi ni la kupikia mlango ukiwa wazi. Kuliwasha ili kupasha gari joto ni mkaa uleule kwa jina jingine.

Mengine ni madogo. Maji ya tangi ni ya kuoshea. Ya kunywa yakae kwenye chombo chake safi chenye mfuniko. Mtoto asiachwe garini juani hata dakika unaponunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, kwa sababu ndani ya gari lililofungwa joto hupanda karibu nyuzi 10 katika dakika 10. Kampuni ya bima ijulishwe kwamba gari limebadilishwa, maana bima kubwa ya gari la abiria inaweza isilipe gari lenye vitanda.

Kitu cha mwisho kununuliwa kilikuwa kengele ya kaboni monoksaidi. Ile ya moshi haifanyi kazi hii, ni vifaa viwili tofauti. Kwa magari na boti tafuta iliyoandikwa EN 50291-2, kwa sababu zimepimwa kwa mitikisiko ya safari, na ifungwe mahali karatasi yake inapoelekeza. Ya kaka iko karibu na vichwa vya wanaolala, mbali na jiko. Ina kitufe cha majaribio. Kazi ya kukibonyeza kila Jumamosi amepewa yule wa miaka 11, na majirani wameshalalamika kuhusu kelele.